Viti Viwili vya Katikati

Launji ya abiria, uwanja wa ndege wa kubadilishia
Jumanne, 9 Septemba 2025, asubuhi

Baba,

Shikamoo. Naomba usishtuke kuona karatasi hii. Dada anayekuletea ni wa hapa hapa, anapanga vikombe. Nimemwonyesha kwa kidole mzee mwenye koti la kahawia na kofia magotini. Mimi niko nyuma ya nguzo kubwa, upande wa vioo, nimekupa mgongo.

Miaka minane nimekaa kwenye mji wako Bujonde na sijawahi kukuambia neno. Nilikuwa nikitaka kitu namwambia mama, mama anakuambia wewe. Jana mpaka Dar alikuwepo shemeji Wilson, akawa anatusemea. Sasa Wilson amebaki Dar, mama yuko nyumbani na simu yake haipatikani, na sisi tumefika mahali ambapo hakuna wa kutusemea. Nimefikiri sana. Mwiko unanikataza kukutazama usoni, kusema nawe, kula mbele yako na kutaja jina lako. Kuandika haukutaja. Nadhani walioweka mwiko hawakuwa na kalamu. Kama nimekosea, ichane karatasi hii, nami nitaelewa.

Jambo la kwanza ni chakula. Vile vyakula kwenye meza ndefu ni vya abiria wote wa bizinesi, havilipiwi. Unachukua sahani unajipakulia. Tangu tufike umekaa na mikono juu ya begi, wala hujanyanyuka. Nenda ukale, baba. Mimi naangalia ndege zinavyopakiwa mizigo, sitageuka.

Jambo la pili ndilo linaloninyima raha. Kwenye ndege ya kutoka Dar wewe ulikuwa mbele, mimi nyuma, tukanusurika. Nimesoma kadi za hii ya Toronto: wewe 4E, mimi 4F. Nimemwuliza dada wa vikombe, akanichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono. Ni viti viwili vya katikati, vimebanana, wanakaa mtu na mkewe. Tumaini ndiye aliyevichagua. Alisema ametumia pointi zake zote za kazini ili mguu wako unaouma usikunjwe safari nzima, nikamshukuru. Lakini mume wangu ana miaka minne tu ugenini, kweli amesahau namna hii? Ni safari ya kutwa nzima. Nimesimama, nimekaa, nimesimama tena, na sijui tutafanyaje.

Mkamwana wako,
Kisa


Launji
Tarehe hiyo hiyo

Mkamwana wangu Kisa,

Marahaba. Karatasi sikuichana. Nilikuwa karani wa ushirika kabla hujazaliwa, na barua nilifundishwa kuijibu. Umefanya vyema kuandika.

Chakula nimekiona. Sijala kwa sababu hakuna aliyenikaribisha. Kwetu mtu hainuki tu akaenda kufunua vyungu vya watu. Nimewatazama hawa wenzetu: anaingia, hasalimii, anafunua, anapakua, anakula huku anaangalia simu. Aliye pembeni yangu nilimwambia "Ugonile", maana ndiyo salamu iliyonijia haraka. Akatoa vidude masikioni, akanitazama, akavirudisha. Kiti ni kizuri, kinakumeza mpaka kiunoni, ila sipati raha mahali ambapo watu hawaulizani hali. Usihangaike na kula kwangu. Nina utaratibu wangu, na nitakula ndani ya ndege watakapotukaribisha.

Kuhusu viti, nami niliona, nikadhani nimesoma vibaya. Tumaini atanieleza tukifika. Kwa sasa tufanye kama nyumbani. Wewe tangulia, ukishakaa geukia upande wa nje. Nikifika nitakohoa, ujue nipo. Kila nikitaka kuinuka au kujigeuza nitakohoa kwanza. Njia yangu ya kutoka shambani ni hiyo miaka yote, na hujawahi kukutwa.

Ulipoolewa watu walisema binti wa mjini, fundi cherehani wa Mbugani, hataweza heshima za ukoo wetu. Umeziweza kuliko mabinti wa hapo hapo kijijini. Hatutaziharibu zote hizo kwa sababu ya kiti.

Hezroni


Ndani ya ndege, 4F
Kabla ya kupaa

Baba,

Nimesikia kikohozi chako, nikageuka. Anayeleta karatasi ni Nancy, mhudumu wa upande wetu. Ni Mkenya, kwa hiyo Kiswahili chake msamehe kidogo. Nimejifunika kanga mpaka kwenye nyusi na uso nimeuelekeza njiani. Bibi mmoja wa ng'ambo ya njia amenitabasamia mara nyingi akidhani namtazama yeye.

Nimemwomba Nancy atuhamishe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia huyu ni baba mkwe wangu, siwezi kukaa karibu naye. Akasema, "Kwani mmekosana?" Nikasema hapana, ni heshima. Akasema, "Sasa kama mnaheshimiana si mkae tu." Viti vyote vimejaa, na waliokaa wawili wawili hawataki kuachana. Halafu akaniuliza jina lako, maana huku mbele wanamkaribisha kila abiria kwa jina. Nikashindwa. Nikamwambia asome kwenye karatasi zake. Sasa ana hakika tumekosana.

Kati yetu kuna kibao kinachopanda na kushuka. Amesema wakati wa kupaa lazima kiwe chini, baadaye watakipandisha. Nakisubiri kibao hicho kama mtu anayesubiri mvua ya kupandia mpunga.

Taulo ya moto waliyokupa ni ya kufutia mikono. Usiitie kwenye begi.

Kisa


4E
Baada ya kupaa

Kisa,

Taulo nilikuwa nimeshaitia kwenye begi. Nimeitoa.

Kiti hiki kina akili zake. Nilibonyeza nikitafuta taa, kikanilaza chali, miguu ikapaa, nikabaki naangalia dari. Nikakohoa, nikakohoa tena, kukuarifu kwamba siko pale nilipokuwa. Nikasikia mtu anacheka ndani ya kanga. Ukicheka cheka vizuri, hilo nalo mwiko haukulitaja. Nancy alikuja mbio kuninyanyua, na kwa ajili ya kikohozi ameniletea chai ya asali na tangawizi, pamoja na barakoa. Bwana aliye mbele yetu amesogeza kichwa kwa kadiri kiti kinavyomruhusu. Ananiona mgonjwa wa mapafu, na mimi siwezi kumweleza kwamba nabisha hodi.

Kibao kimekataa. Nimewasikia wakikivuta, yeye na kijana mwenzake. Kimepanda kiganja kimoja, kikakwama hapo. Nikigeuka kidogo tu naona pindo la kanga yako, la bluu. Nimefungua kitabu cha picha za ndege nikakiweka upande huo wa uso. Mkono unachoka lakini siushushi.

Sasa Nancy ametandika kitambaa cheupe kwenye kimeza changu, kaweka uma wa kila ukubwa na kikopo cha chumvi kisichozidi ncha ya kidole. Amesema chakula hakichelewi. Mimi nimeshajiandaa upande wangu. Lakini wewe kula kwanza, nami nitafumba macho.

Hezroni


4F
Wanagawa chakula

Baba,

Nikale mbele yako, tena kabla yako? Hata mama akisikia nimefikiria jambo hilo hatanielewa. Wewe ndiye utakula kwanza. Nitakwenda chooni, nitakaa huko mpaka umalize. Choo cha huku ni kisafi, kina hata maua na mafuta ya kupaka mikono.

Menyu ni ya Kiingereza, nakueleza kwa ufupi. Kuna samaki mbichi aliyekatwa mpaka unaona kitambaa chini yake, huyo mwache. Kuna supu ya maboga. Kuna kondoo, na kuna kuku na wali, chagua huo. Wali wenyewe nimeuona ukipita. Punje ndefu, kila moja kivyake, na hauna harufu hata kidogo. Ungekuwa mchele wa kwetu, rubani angetoka kuuliza nani anapika.

Ninainuka sasa. Kula baba, usikimbizane na chakula.

Kisa


4E
Muda si mrefu baadaye

Kisa,

Nimekula, nimeshiba. Kuku wa kawaida. Rudi kwenye kiti chako, sasa ni zamu yako. Mimi nalala.

Hezroni


4F

Baba,

Umenidanganya. Nancy amepita na sahani yako imejaa vilevile, wali haujaguswa, mkate tu ndio haupo. Ameniangalia vibaya kana kwamba mimi ndiye niliyekunyima. Halafu ameona na yangu haijaguswa, akashika kiuno.

Ngoja nikueleze alichofanya, maana ulikuwa umefumba macho. Ameleta keki ya chokoleti, sahani moja, vijiko viwili, akaiweka kando ya kibao kilichokwama, kati yangu na wewe. Akasema kwa sauti ya upole, "Kwetu wazee wakiona watu wamenuniana, wanawawekea sahani moja." Nimetamani ndege itoboke nipotee. Vijiko viwili, baba! Nimekivuta kimoja nikakificha chini ya mto. Hata hivyo keki ina harufu ya nyumbani, ya siku tunapofunua kokoa iliyochachuka kwenye majani ya migomba. Kwa namna fulani imeniliza.

Naona haya kukuhoji, lakini nauliza. Kwa nini hukula? Umetoka nyumbani huli, Dar hukula, launji hukula. Nasikia unapumua juu juu. Kama ni mimi ninayekuzuia, niambie nihamie hata kwenye kiti cha wahudumu.

Kisa


4E

Kisa

Nilinyanyua uma. Nikafikiria mtoto wa watu amesimama chooni na watu wanagonga mlango, ili mimi nile kuku. Chakula hakikushuka. Nyumbani ukinipisha njia unaingia migombani, kuna kivuli, unakaa kwenye jani. Huku nakufukuza uende wapi. Mkate nimeuweka mfukoni. Nitakula tukifika kwa Tumaini usijali

Humu kuna joto. Nancy anasema hakuna. Jasho limelowesha karatasi utaniwia radhi. Mkono hautulii na maandishi yanashuka mlima. Waambie wafungue maji jaruba la chini mpunga unazama. Nani ameacha ng'ombe. Mama Tumaini niletee ile


4F
Juu ya nchi yenye theluji

Baba,

Umelala sasa, na pumzi yako imetulia. Daktari amesema huenda ukiamka hukumbuki, kwa hiyo nakuandikia. Nataka ulijue kwangu mimi, usilisikie kwa Nancy.

Karatasi yako ya mwisho ilinifikia haina sahihi. Wewe huachi kutia sahihi. Nikageuka. Ndiyo, baba, niligeuka nikakutazama usoni. Ulikuwa umelowa, macho wazi, na hukuwa unaona kitu. Nancy alileta juisi ukaukataa mkono wake. Yule kijana naye ukamsukuma. Wakatangaza, akaja daktari wa kike kutoka viti vya nyuma, akakutoboa kidole, akasema sukari imeshuka vibaya, anywe kitu kitamu sasa hivi akiwa bado anaweza kumeza. Ukabana meno. Akaniuliza unatumia dawa gani. Nikasema hutumii dawa yoyote. Akasema haiwezekani. Nikatia mkono kwenye mfuko wa koti lako, nikakuta vidonge vimefungwa kwenye karatasi, kando ya mkate. Alipoviona akatikisa kichwa. Alisema mtu akimeza hivi lazima ale, asipokula vinammaliza. Kumbe "nimeshajiandaa" ndiyo ilikuwa kumeza hivyo.

Daktari akasema, "Mwite jina lake, atasikia anayemfahamu." Nancy akaita, lakini alilitamka kivyake, hukugeuka. Nikashika pindo la kanga kwa mikono yote miwili. Halafu nikaita. Nilisema Hezroni. Nikasema tena kwa nguvu, Hezroni, fungua mdomo, ni mimi Kisa. Ukafungua. Nikakunywesha juisi kwa mkono wangu, kisha ile keki ya chokoleti, kwa kijiko nilichokuwa nimekificha chini ya mto.

Basi nimevunja vyote. Nimekutazama, nimesema nawe, nimekulisha, nimekutaja. Ningefanya tena, sitakudanganya. Lakini tangu hapo naogopa. Unajua wanachosema shangazi zetu, kwamba mkamwana anayemtaja mkwewe hatazaa. Nilikaa na Tumaini miaka minne tukakosa mtoto. Miaka mingine minne nimemsubiri nikihesabu kwamba tukikutana tena Mungu atatukumbuka. Ninakwenda kwake kwa ajili hiyo, baba, si kwa ajili ya Toronto. Sasa nimetaja jina lako juu angani, na sina wa kuniambia nimefanya nini.

Kisa


4E

Mwanangu Kisa,

Nimesoma mara mbili, kwa kuwa herufi zinacheza. Sasa niko sawa. Nancy amenilisha wali wote, kasimama juu yangu kama mwalimu wa zamu.

Sikumbuki juisi wala daktari. Nakumbuka kuitwa. Nilikuwa kwenye jaruba, maji yalikuwa juu ya magoti, na mwanamke akaita jina langu kutoka kwenye tuta. Nilishangaa ni nani. Mama yenu ananiita baba Tumaini, kanisani naitwa mzee. Jina lenyewe mwanamke wa mwisho kuniita alikuwa mama yangu mzazi. Nikasema kama ameniita lazima niitike, nikapanda tuta.

Vidonge ni vya sukari. Nimeanza kuvitumia tangu mwaka jana, mama yenu anajua, watoto hawajui. Nilificha kwa sababu Tumaini akijua hataniacha nirudi. Atasema hospitali za huku ni nzuri, baba kaa. Mimi nimekuja kukufikisha kwa mumeo, maana mke hatumwi kama kifurushi, na kumwona mwanangu kwa macho, kisha nirudi. Naogopa kufia mahali ambapo watu hawaulizani hali. Sijawahi kumwambia mtu maneno haya, na nisingeweza kuyasema kwa mdomo.

Sasa hofu yako. Shangazi zenu nawajua, wengine ni dada zangu. Mwiko uliwekwa ili mkwe na mkamwana waheshimiane. Ungeniacha nife kwa kuogopa jina langu, heshima hiyo ingekuwa ya nani? Hakuna mtoto atakayezuiwa kuzaliwa kwa sababu mama yake alimwokoa babu yake. Hilo nalisema mimi mwenye jina.

Lakini najua maneno hayatoshi, moyo unataka kuona. Katika ukoo wetu mwiko huu unafunguliwa, ingawa ni mara chache. Baba mkwe anampa mkamwana chakula kwa mkono wake, shahidi yupo, na mkamwana anakila mbele yake. Kikishaliwa kimekwisha, hakuna atakayeuliza. Nyumbani kingekuwa ndizi au kipande cha nyama. Hapa nina mkate wa ndege ulio mfukoni. Nimemweleza Nancy, ameelewa sasa, na amelia mpaka amekwenda kujipaka tena poda. Nitakohoa, kisha nitapitisha mkono juu ya kibao. Pokea.

Hezroni


4F
Tunashuka

Baba,

Ndaga fijo, asante sana. Nimeupokea, Nancy ameona. Mkono wako ulikuwa na joto la kawaida, nikafurahi.

Kuula nimeshindwa. Niliupeleka mpaka mdomoni, nikajua unanisubiri, nikaushusha. Miaka minane ya kukimbilia migombani haiishi kwa mara moja. Nimeufunga kwenye pindo la kanga. Usikasirike.

Moja tu nakuomba, na ni la lazima. Mwambie Tumaini habari za vidonge wewe mwenyewe. Nakupa mpaka Jumapili. Nyumba yake ni ndogo, yeye mchana yuko kazini, tutabaki mimi na wewe. Ukimeza vidonge ukaacha kula kwa kunistahi, mimi ndiye nitakayekukuta. Sitaki kukuita jina tena kwa namna ile.

Mikanda tayari. Kohoa ukitaka kuinuka.

Kisa


Toronto, chumba cha chini
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kisa,

Barua hii naipitisha chini ya mlango wa jikoni.

Nimemwambia. Tulikuwa nje tunaangalia majani yaliyoanza kugeuka rangi. Alinishika bega, akasema tiketi ya kurudi iko pale pale, ila nitarudi nikiwa na kipimo cha sukari na nimejua kukitumia. Hakunifungia mlango. Nilimdhania vibaya mtoto wangu.

Nilimwuliza na habari ya viti. Ameona aibu. Anasema alipochagua aliona viti vinavyoandikwa vya wanaosafiri pamoja, akafikiri, hawa si ni watu wangu, wanasafiri pamoja. Mwiko ulimjia akilini tulipotokea mlangoni, wewe unasukuma kiti cha magurudumu nilichopewa uwanja wa ndege huku umejifunika uso wote, unagonga watu. Alicheka, halafu akageuka kufuta macho.

Lakini mimi na wewe tumerudi kule kule. Nakohoa ngazini, wewe unakimbilia chumbani. Unaacha sahani mezani, nakula peke yangu, kisha naondoka nawe unakuja kula wima. Jana nilikohoa ukaacha chai inamwagika. Nyumba haina migomba, Kisa. Sitakulazimisha. Nilitaka tu ujue kwamba chakula bado hakishuki vizuri, na leo nimeacha nusu.

Hezroni


Jikoni
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Baba,

Tumaini ameshatoka kwenda kazini. Tangu asubuhi sijatulia, nimefagia mahali pamoja mpaka pakang'aa. Sasa nimeamua.

Nimepika mchele wa Bujonde, ule uliokuja nao kwenye begi. Jirani wa juu amegonga mlango kuuliza ni nini kinanukia. Nimeweka meza kama Nancy, na kitambaa cheupe, ingawa ni shuka. Sahani ni mbili. Yako iko upande wa dirisha, yangu inatazamana nayo.

Mkate wako wa ndege nimeuweka kwenye sahani yangu. Umekuwa mgumu, nitauchovya kwenye mchuzi. Nataka uwepo, uuone ukiisha.

Kule launji ulisema hukula kwa sababu hakuna aliyekukaribisha. Ulikuwa na haki. Basi mimi nakukaribisha. Meza kidonge chako, panda ngazi polepole kwa ajili ya mguu. Ukifika mlangoni usikohoe. Ingia tu.

Kisa